Auzaye barabarani vitu vilivyotumika awe na daftari, tumechoka kununua mali zetu wenyewe

#1 Mtabata
Wakuu, salaam.

Usiku wa kuamkia Alhamisi wameniibia saiti mira (vioo vya pembeni) zote mbili pamoja na swichi kuu ya vioo vya madirisha. Gari ni Toyota IST, huwa inalala nje ya geti kwa sababu nyumba niliyopanga haina nafasi ndani. Kulipokucha nikapanda daladala mpaka mtaa mmoja wa vipuri hapa Dar. Nikamkuta kijana ametandaza turubai chini, kajaza taa, redio, vioo. Saiti mira moja ilikuwa na mkwaruzo wa bluu. Mkwaruzo ule aliuweka mwanangu kwa baiskeli siku ya Krismasi, siwezi kuusahau. Kijana akaanza na laki na ishirini kwa zote mbili, tukaishia elfu tisini. Nimelipa, nimebeba mali yangu, nimerudi nyumbani. Swichi hakuwa nayo.

Hoja yangu ni hii. Machinga anayeuza vitu vipya aachwe atafute riziki yake. Lakini anayeuza kitu kilichotumika, iwe simu, kioo cha gari, betri, jiko la gesi au redio, awe na daftari lililogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Kila kitu anachonunua aandike kimetoka kwa nani, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na namba ya simu. Asiye na daftari asiuze. Mwizi hatakubali kuandikwa, na akikosa pa kuuzia atakosa sababu ya kuiba.

#2 Jicho Kali
Pole mkuu. Ila kwa nini umelipa? Mali umeiona, mkwaruzo unaujua, ungepiga kelele tu pale pale.

#3 Mtabata
@Jicho Kali ningepiga kelele ya mwizi, yule kijana angeuawa mbele yangu kwa ajili ya vioo. Sikutaka dhambi hiyo. Na ningekwenda kwanza polisi kukata RB, ile namba ya taarifa ya wizi, ningerudi nikute turubai limeshakunjwa.

#4 Nyuki Jike
Umefanya la maana kutopiga kelele. Kaka yangu alipigwa mawe Manzese kwa kufananishwa na mtu. Mpaka leo jicho moja halioni.

#5 Mtoto wa Gerezani
Ukisema "mtaa mmoja wa vipuri" kila mtu anajua unatusema sisi wa Gerezani, Kariakoo. Nimeuza vipuri tangu nikiwa mdogo, nikimbebea mjomba maboksi, kwa hiyo nisikilizeni kwa utulivu.

Vipuri vilivyotumika tunavyouza vingi vinaingia kwa kontena, kutoka Japani na Dubai. Magari yanakatwa vipande huko, yanasafirishwa kama injini, milango, taa. Karatasi za bandarini ni za kontena zima. Tajiri anafungua mzigo, anauza kwa jumla, mimi nachukua taa kumi kwa mali kauli, yaani nalipa nikishauza, nauza nne, narudisha hela, nabaki na sita. Hapo katikati hakuna risiti ya taa moja moja. Kwa hiyo ukileta sheria ya "onyesha karatasi ya kioo hiki", unatukamata sote na mwizi unamwacha.

Jambo la pili. Mwizi wa vioo hatembei na kioo kutafuta mteja. Mteja ndiye anaanza. Mtu kavunja kioo, anaenda kwa fundi wake, fundi anampigia mtu, "natafuta kushoto ya IST, nyeupe". Usiku huo kinang'olewa. Hiyo ni oda. Kinachofika chini kwenye turubai ni masalia, kilichokosa oda.

#6 Mtabata
@Mtoto wa Gerezani nakushukuru kwa maelezo. Lakini hujajibu, kioo changu kilifikaje kwenye lile turubai ndani ya saa nane?

#7 Mtoto wa Gerezani
Kilifika kwa sababu kuna wenzetu wananunua bila kuuliza. Sikatai. Nakataa kusema ni sisi wote, na nakataa kusema dawa ni daftari.

#8 Kalamu Nyekundu
Kidogo upande wa sheria, maana naona watu wanadhani hakuna kitu.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, inamshika anayepokea mali ya wizi akijua, au *akiwa na sababu ya kuamini*, kwamba imeibwa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mazito. Si lazima mtu amekwambia "nimeiba". Bei ya kutupa, saa ya alfajiri, muuzaji asiyejua hata namna ya kuiwasha simu anayouza, vyote hivyo mahakama inaviangalia. Pia mahakama zetu zimezoea kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Ukikutwa na kitu muda mfupi baada ya wizi na huna maelezo yanayoingia akilini, unaweza kuhesabiwa kuwa ndiye uliyeiba.

Na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi. Asiye mwenye mali hawezi kumpa mnunuzi haki kubwa kuliko aliyo nayo. Ukinunua kitu cha wizi, hata kwa nia njema, mwenyewe akijitokeza kwa kawaida kinarudi kwake na hela yako unamdai aliyekuuzia. Ila huyo aliyekuuzia jana leo utampata wapi? Hapo naona hoja ya daftari la Mtabata ina mashiko. Sheria ya kumfunga mtu ipo, kinachokosekana ni kumbukumbu ya kumwonyesha.

#9 Mama Mitumba
Habari zenu. Mimi ni mama, niko Karume, nauza nguo za mitumba. Hilo daftari mwanangu unalolitaka, nani atakuwa analikagua?

Nauliza kwa sababu nimeona. Kila karatasi inayodaiwa mtaani inageuka bei. Atakuja mgambo, "mama daftari lako ukurasa wa nne halina namba ya simu", nitoe elfu mbili. Kesho mwingine, "muhuri umefifia", nitoe elfu mbili. Mwenye mali ya wizi atatoa elfu kumi na kupita. Mimi ninayeandika kwa uaminifu ndiye nitakayeonekana nina makosa, kwa sababu mimi ndiye mwenye daftari la kukaguliwa.

Halafu daftari linaungua. Soko letu liliungua 16 Januari 2022, la kwangu la madeni liliondoka na moto. Waliokuwa wananidai walikumbuka vizuri sana, niliokuwa nawadai wakasahau.

#10 Mtabata
Shikamoo mama. Pole sana kwa moto. Nguo sikuzitaja, nakubali nguo haziwezekani.

#11 Mama Mitumba
Marahaba. Nguo ndizo zinazoongoza kuibwa kwenye kamba mwanangu. Uliza wanawake.

#12 Simba Mchana
Mbona hili lilishafanyika? Machinga wote walisajiliwa mwaka 2019 kwa vile vitambulisho vya Rais Magufuli, vikiwa na jina na picha. Serikali ifufue tu ule mfumo.

#13 Jicho Kali
@Simba Mchana rekebisha. Vilianza kutolewa Desemba 2018, kwa kupitia wakuu wa mikoa, kila mmoja alikabidhiwa 25,000. Bei shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Nilikuwa nauza viatu Sinza, nilikuwa nacho. Kile cha kwangu cha mwanzo hakikuwa na jina langu wala picha. Mdogo wangu alikuwa anakitumia siku nikiumwa, na hakuna aliyeuliza. Lengo lilikuwa mtu asibughudhiwe na alipie kiasi, wala hakikukusudiwa kujua anauza nini.

#14 Simba Mchana
Sawa, nimesahihishwa. Basi Oktoba 2021 walipopangwa upya na kuondolewa kwenye barabara kuu, wizi ungepungua kama wao ndio soko la wezi.

#15 Jicho Kali
Mimi niliondolewa Sinza Oktoba 2021 nikaacha biashara kabisa. Tangu hapo pale barabarani hakuna turubai hata moja, na gari la mwenye nyumba wangu limeng'olewa taa mara mbili. Nauliza tu, hizo taa zinauzwa wapi?

#16 Fundi wa Mwenge
Zinauzwa kwenye simu ya fundi, kama alivyosema @Mtoto wa Gerezani. Na sasa nizungumzie upande wangu.

Ninatengeneza simu. Daftari analolisema Mtabata mimi ninalo, tena kwa hiari yangu, baada ya kulala ndani siku mbili kwa simu niliyonunua elfu sitini kwa kijana aliyesema mama yake yuko hospitali. Tangu siku ile naandika jina, NIDA, simu, na namba ya IMEI, ile ya kutambulisha kila simu. Bonyeza *#06# mbele ya muuzaji, namba inatokea, unaandika naye anaona.

Limenisaidia? Mara moja limenisaidia sana, mwenye simu alikuja na boksi lake, tukalinganisha IMEI, tukaenda pamoja mpaka kwa aliyeniuzia. Mara ya pili nilifungua daftari nikamtafuta mtu kwa namba yake ya NIDA, kumbe kitambulisho kile nacho kilitoka kwenye pochi ileile iliyoibwa na simu. Dada wa watu akaja kuniuliza mbona jina lake limeandikwa kwangu kama muuzaji wa simu yake mwenyewe. Alikuwa analia. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo daftari ni zuri ila lisimamiwe na picha. Mpige picha muuzaji akiwa ameshika kitu.

#17 Nyuki Jike
Kwani TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hawazimi simu zilizoibwa? 2016 walizima simu kwa wingi.

#18 Fundi wa Mwenge
@Nyuki Jike za Juni 2016 zilikuwa simu bandia, zile zenye IMEI isiyotambulika. Ndiyo kipindi tulichokuwa tunatuma IMEI kwenda 15090 kuhakiki. Iliyoibwa nayo inaweza kufungwa kwenye mitandao ya hapa, ukiwa na ripoti ya polisi na IMEI yako. Tatizo watu hawajui IMEI za simu zao, boksi wamewapa watoto wachezee. Pia simu ikifungwa haifi. Inavunjwa. Kioo kinaenda kwa huyu, betri kwa yule, kamera kwa mwingine. Ukibadilishiwa kioo cha bei nafuu mahali, jiulize kimetoka wapi.

#19 Dereva wa Tunduma
Na isiyovunjwa inavuka mpaka. Iliyofungwa Tanzania ukiweka laini ya nchi nyingine mara nyingi inashika mtandao kama kawaida, maana orodha ya kufungia ni ya nchi moja. Nimeombwa zaidi ya mara moja nibebe mfuko mdogo "wa ndugu". Nakataa kila mara, ila najua wanaokubali.

#20 Wa Gikomba
Hamjambo jirani zetu. Hapa Kenya tulijaribu kwa vyuma chakavu. Stima zilipopotea nchi nzima, 2021 kama sikosei, sababu ikiwa minara iliyoharibiwa na wezi wa vyuma, Rais Kenyatta alipiga biashara yote marufuku. Mimi ni fundi wa jua kali, natengeneza majiko na masanduku. Malighafi yangu yote ni chuma chakavu. Kwa majuma mengi nilikaa bila kazi, na sijawahi kugusa mnara wa stima maishani.

#21 Kalamu Nyekundu
Ilikuwa Januari 2022 ndugu. Umeme ulikatika tarehe 11, marufuku ikatoka tarehe 20. Ikaondolewa Mei mwaka huohuo, kwa masharti mapya. Na ninyi mlikuwa na Sheria ya Vyuma Chakavu tangu 2015, inayotaka leseni na kumbukumbu za ununuzi. Hili ndilo linanirudisha nyuma kidogo kwenye nilichosema #8. Kumbukumbu zilidaiwa kisheria miaka yote hiyo, na bado ikafika mahali pa kufunga kila kitu.

#22 Wa Gikomba
Asante kwa tarehe. Ndiyo, sheria ilikuwepo. Wakubwa wenye mizani walikuwa na leseni ukutani. Mtoto anayeokota na gunia hakuwa nayo, na ndiye alikuwa anakimbizwa.

#23 Msafiri Birmingham
Nawasoma kutoka Uingereza. Huku walikuwa wanaibiwa nyaya za reli na mabati ya madini ya risasi kwenye mapaa ya makanisa. Wakakataza kulipa taslimu kwa chuma chakavu, na sheria ya 2013 ikamlazimisha mnunuzi ahakiki jina na anwani ya muuzaji. Malipo ni benki tu. Kwetu benki si lazima, tuna hela za simu. Kitu kilichotumika kilipwe kwa simu peke yake, jina linabaki lenyewe, hakuna haja ya mgambo kukagua daftari la mama.

#24 Mama Mitumba
Na makato nani analipa? Kitu cha elfu tano nikilipa kwa simu, akitoa anakatwa, ataniambia niongezee.

#25 Fundi wa Mwenge
@Msafiri Birmingham wazo zuri kwa karatasi. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu Mei 2019, lakini ukizunguka mtaani bado utauziwa laini iliyosajiliwa kwa vidole vya bibi wa mtu. Mwizi ndiye mteja wake wa kwanza.

#26 Simba Mchana
Birmingham unatupangia ukiwa umekaa kwenye hita. Njoo usimame juani Kariakoo saa saba mchana ndiyo uandike sheria.

#27 Msafiri Birmingham
Nimezaliwa Mtaa wa Msimbazi, jua hilo nimelila kabla yako mdogo wangu. Desemba nakuja, utaninunulia miwa.

#28 Mzee Kobe
Vijana, amani iwe kwenu. Nimesoma kurasa zote, niongeze la zamani.

Mnasema "athibitishe alikokipata". Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, neno hilohilo lilitumika. Nilikuwa kijana Tanga. Mtu mwenye katoni tatu za sabuni alizonunua kwa hela yake hakulala. Risiti hana, kwa sababu enzi ile bidhaa adimu zilipatikana kwa kujuana. Niliona kwa macho yangu jirani yetu akitumbukiza vitenge kisimani usiku, vitenge vya mahari ya binti yake. Wenye magendo makubwa nao walitupa, ila na watu wa haki walitupa pia. Mwaka huohuo ikaja Nguvu Kazi, asiye na kazi inayotambulika akasombwa mjini kurudishwa shamba.

Baadaye zikaja leseni za nguvukazi kwa wachuuzi, nilikuwa nayo miaka ya tisini nikiuza vyombo. Ilinisaidia kupita. Haikuuliza vyombo vimetoka wapi, na kwa kweli niliuza sufuria mbili ambazo mpaka leo sina uhakika nazo. Nilimwona aliyeniletea hatazami usoni. Nikanunua. Nilikuwa na watoto wanne.

Sipingi daftari. Nasema mkilitunga, kumbukeni kwamba hofu ya kukosa karatasi humfanya hata mwenye haki aonekane mwizi.

#29 Mtabata
Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili. Hapo kwa vitenge nimenyamaza.

Lakini naomba niulize wote. Sasa tufanye nini? Kila nikisema daftari, mtu ananionyesha tundu. Mimi nina mshahara mmoja, tisini elfu ni chakula cha wiki mbili.

#30 Lindi Yetu
Nje ya mada kidogo. Naomba watu wakumbuke Wamachinga ni watu, tuko Lindi, tuna lugha yetu. Vijana wetu walikuja Dar kutembeza bidhaa, jina likabaki kwa kila mchuuzi. Kila nikisoma "machinga ni soko la wezi" moyo unaniuma.

#31 Simba Mchana
Mimi nilifundishwa linatokana na Kiingereza, watu wanaotembea kama askari wa gwaride.

#32 Lindi Yetu
Hiyo imebuniwa baadaye na watu ambao hawajafika Lindi. Babu yangu alikuwa Mmachinga kabla ya kuona gwaride lolote.

#33 Jicho Kali
Turudi. Kuna mtu kajaribu kuchora namba ya gari kwenye vioo na taa? Mimi naona hiyo ni nafuu kuliko sheria yoyote.

#34 Mtoto wa Gerezani
Inasaidia. Kioo chenye namba ya mtu mimi sigusi, na wengi hawagusi, maana mteja ataona namba ambayo si ya gari lake. Ila jueni wezi wengine wanatoa ile glasi tu wanatupa, wanauza nyumba yake ya plastiki na mota. Chora glasi, chora na plastiki kwa ndani.

Halafu wale vijana wanaochora namba, wanaokaa na mashine ndogo pembeni ya barabara, ni machinga vilevile. Wamepanga karibu na sisi. Mkifuta watu wote barabarani, na hao mnawafuta.

#35 Nyuki Jike
Kuna kitu hakijasemwa. Aliyeng'oa alijua Mtabata analaza nje. Alijua ni IST, alijua saa ya mlinzi kulala. Sisi mtaani kwetu tuligundua ni kijana wa kuosha magari ndiye alikuwa anapeleka taarifa. Soko mnalizungumza sana, hawa wa karibu hamuwazungumzi.

#36 Kalamu Nyekundu
Na wanunuzi. Kila mtu hapa anajua bei ya dukani. Ukiuziwa nusu ya nusu, umeshajibiwa. Kifungu cha 311 hakisemi machinga, kinasema *mtu yeyote*.

#37 Simba Mchana
Mkuu kioo kipya cha gari langu ni laki nne na nusu. Mshahara wa mlinzi hauzidi huo. Watu hawanunui cha wizi kwa kupenda.

#38 Mama Mitumba
Mimi nawaambia tunachofanya kwenye safu yetu, basi. Tuko wanawake kumi na mmoja. Mtu akija alfajiri na kitu kimoja kimoja, suruali bado ina unyevu wa kamba, hatununui, hata iwe buku. Tukimkataa mmoja tunaambizana mpaka mwisho wa safu. Anayenunua kwa siri hatumkopeshi kwenye mchezo wetu wa kuchangiana hela. Mmoja alitolewa mchezoni mwaka jana, alikaa miezi mitatu, akaomba radhi akarudi. Hatuna muhuri wala mgambo. Najua safu ya pili hawafanyi hivyo, mwizi anatoka kwetu anakwenda kwao. Kwa hiyo wizi sijaumaliza, nimeuondoa kwangu tu.

#39 Mtoto wa Gerezani
Mama hiyo kwetu ni ngumu, safu moja ina watu mia na kila mmoja ana tajiri wake. Ila kwa mafundi na wanaouza kwa oda ingewezekana.

#40 Fundi wa Mwenge
@Mtabata yule kijana umemwona tena?

#41 Mtabata
Nilikwenda Jumamosi. Pale alipotandaza sasa kuna mtu wa juisi ya miwa. Nimewauliza majirani, wanasema alikuwa anakuja siku mojamoja, jina hawalijui. Nimefika pia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wangu na wazo la daftari. Kanisikiliza vizuri, kaniambia niandike barua. Nimeandika, nimeongeza la picha alilosema Fundi, na nimefuta nguo kama nilivyomwahidi mama.

Vioo nimechora. Bado sina swichi, madirisha yamekwama wazi na mvua imeanza.

#42 Mtoto wa Gerezani
Ninayo ya IST, imetoka kwenye kontena la mwezi uliopita. Tajiri anakubali kukupa nakala ya karatasi za mzigo na ataandika risiti kwa mkono, ina jina lake. Elfu arobaini na tano, siwezi kushuka.

#43 Mtabata
Nakuja Jumatatu saa nne. Nitakuandikia jina langu na namba ya NIDA, nawe uniandikie yako.

#44 Mtoto wa Gerezani
Njoo. Kalamu ninayo.